Tazama Viatu, Taja Bei

Umefungua duka la kuchapisha Tanga mjini, kwenye mojawapo ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Hongera, ndugu yangu. Una mashine ya ofseti iliyofanya kazi Ulaya mpaka ikastaafishwa, una gilotini ya kukatia, kompyuta moja, fundi mmoja, na kijana wa dizaini anayeamini kwamba hakuna kazi isiyohitaji ua pembeni. Kilichobaki ni kujua utoze nini. Wapo watakaokuambia bei hutokana na hesabu: karatasi, wino, pleti, saa za mashine, saa za fundi, kukata, kufunga, umeme, pango, kodi, halafu ndipo uweke faida. Usiwasikilize. Siku ukijua kila kazi imekugharimu kiasi gani, usingizi utakuhama. Sogeza kiti, nikupe njia fupi.

Hatua ya kwanza: bei mbele, kikokotoo nyuma

Mteja akiingia, usimtazame usoni. Tazama viatu.

Raba zenye udongo mwekundu: huyo ameshuka kutoka Amani na gari la alfajiri. Ana fedha ya iliki mfukoni na lazima awahi gari la kurudi mlimani. Hana muda wa kuzunguka maduka matatu. Mtajie bei inayozidi kidogo uvumilivu wake.

Viatu vyeusi vinavyong'aa, bahasha ya kaki kwapani: mtu wa ofisi. Halipi kwa fedha yake, kwa hiyo bei yake ni ya kukubaliana, na mkubaliane mbali na dirisha.

Kanzu safi na makubadhi: mjomba wa bibi harusi. Nyuma yake kuna kamati nzima, na kila mwanakamati ana shemeji anayechapisha. Mpe bei ya hasara kwenye kadi za mchango. Kadi za mwaliko atarudi kuzifuata wakati siku zimekwisha na ukumbi umeshalipiwa. Hapo ndipo mtakapojuana.

Bei ikishakuja kichwani, sasa fungua kikokotoo. Bonyeza namba nyingi, kunja uso, futa, anza upya, muulize fundi kitu chochote kwa sauti. Kisha taja ile ile uliyokuwa nayo tangu alipovuka kizingiti, ila iwe na mkia. Usiseme 300,000. Sema 287,500. Namba yenye mkia huaminiwa, kwani nani angekuwa na kazi ya kutunga hiyo mia tano?

Hatua ya pili: jivike historia ya mji

Mteja makini atakuuliza umeanza lini kazi hii. Usitaje mwaka wako, taja wa mji. Mwambie Tanga ilikuwa inachapa magazeti kabla bibi yake hajazaliwa. Na hilo si uongo: shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini ilikuwa na mtambo wake, na ndiko gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikochapwa mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Walowezi nao walikuwa na Usambara-Post lao. Akiwa ni mtu wa Amani umemkamata kabisa, maana ile taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia iliyoanzishwa kule juu mwaka 1902 ilishiriki kutoa jarida la ushauri kwa wenye mashamba, Der Pflanzer, lililotoka hapa hapa Tanga kuanzia 1905.

Yaseme haya yote mkono ukiwa juu ya mashine yako. Hujasema kwamba ndiyo mashine ile. Atakayedhani hivyo ni yeye.

Hatua ya tatu: weka viwango, kisha usivipime

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Mwenye kiwanda lazima awe na viwango, vinampa heshima mbele ya wageni na mbele ya benki. Chukua kijitabu cha mashine. Kama ni Heidelberg GTO 52, kitakuambia inaweza kufika karatasi 8,000 kwa saa. Zidisha kwa saa nane za kazi, unapata 64,000 kwa siku. Iandike namba hiyo kwa kalamu nyekundu, ibandike ukutani juu ya kichwa cha fundi, na ukadirie kazi zako zote kwa kuifuata.

Ila usisimame karibu na mashine ukiwa na saa mkononi. Nakuomba sana. Utamwona fundi anaosha roli kwa sababu kazi ya asubuhi ilikuwa nyekundu na ya sasa ni bluu. Utamwona anafunga pleti, anapitisha karatasi hamsini, anainua moja kwenye mwanga, anaguna, anarekebisha, anapitisha hamsini nyingine. Umeme utakatika. Ukirudi, atakuwa amekwenda kuswali. Akirudi, karatasi zitakuwa zinaingia mbili mbili kwa sababu ya unyevu wa bahari. Jioni utagundua kwamba katika zile saa nane, mashine imezunguka kwa kazi yenye kulipwa saa tatu tu.

Na hapo utakuwa umejiharibia mwenyewe. Mshahara, pango na mkopo wa mashine uliokuwa unavigawa kwa nane, sasa utavigawa kwa tatu. Saa ya mashine uliyodhani inakugharimu 20,000 itadai zaidi ya 53,000. Sasa yule uliyemtajia bei jana utamwambia nini? Ndiyo maana nasema kiwango kibaki ukutani, kisiguswe. Kazi ikichelewa, mtu wa kulaumiwa ameshapatikana: 8,000 zimeandikwa pale juu, na fundi anajua kusoma.

Ugonjwa huu wa kupimapima ni wa zamani, usidhani umeletwa na washauri wa semina. Mwaka 1871 mpigachapa wa New York, Theodore Low De Vinne, aliwatolea makarani na watunza hesabu wa viwanda vya chapa kitabu kizima cha bei. Mtu alikuwa na mashine zake, ana wateja wake, bado akakaa chini kuandika jedwali. Mheshimu kwa mbali.

Karatasi za kuharibika? Weka sifuri. Wapigachapa waoga huongeza karatasi tangu mwanzo, nyingine za kusawazishia rangi, nyingine za kuumizwa na gilotini, nyingine za kupotea kwenye kukunja na kufunga. Wewe mteja akitaka 1,000, nunua karatasi za 1,000 kamili. Mwisho zitatoka 930 na kitu. Zifunge vizuri kwa karatasi ya kaki, uandike juu "1,000" kwa mwandiko wa kujiamini. Ni wachache wanaohesabu kadi za harusi. Waliobaki watadhani ni shangazi ndiye aliyezigawa ovyo.

Hatua ya nne: gawa kwa kumi

Kazi ya rangi nne inataka pleti nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Pleti haijui kama utachapa nakala 100 au 10,000, bei yake ni ile ile, na zile karatasi hamsini za fundi ni zile zile. Duka la pili likiletewa nakala 100, litazipeleka kwenye mashine ya kidijiti isiyohitaji pleti. Wewe usihangaike hivyo. Umesema 1,000 ni laki nne? Basi 100 ni elfu arobaini, darasa la nne hilo. Mteja atakusifu kwa moyo wako mweupe. Pleti zitameza hiyo elfu arobaini zikutazame. Kwenye daftari usiandike "hasara", andika "tangazo".

Hatua ya tano: rangi itakolea

Kikundi cha viungo kutoka Amani kitakuja na picha kwenye simu. Wanataka lebo za mdalasini na pilipili manga, na ile kijani iwe kijani ya msitu wao. Usiwaeleze kwamba kioo cha simu kinatoa mwanga na karatasi inaurudisha tu, kwa hiyo zipo kijani za simu ambazo wino hauzifikii. Usiwape nakala ya kukagua waisaini. Sahihi ni kitu cha hatari, inaweza kukulinda lakini pia inaweza kukufunga. Na kiko kiwango cha kimataifa cha rangi za ofseti, ISO 12647-2. Kitaje. Kitaje mara mbili. Usikifungue.

Wakilalamika siku ya kuchukua mzigo, tumia neno moja: "Itakolea." Wino ukikauka kwa kawaida hupoteza mng'ao badala ya kuongeza, lakini wao watakuwa wameshafika Muheza.

Wakirudi, wasimulie habari za noti. Mwaka 1915, manowari za Waingereza zilipoufunga mwambao, benki ya koloni la Wajerumani ilikwama bila noti kutoka kwao, ikaanza kuzichapa humu humu nchini, na maofisa wakawa wanazitia sahihi kwa mkono moja baada ya nyingine. Kufikia 1917, wakiwa wanakimbizwa porini, noti za rupia moja zilikuwa zinagongwa kwa herufi za mpira, kama mhuri wa mjumbe wa nyumba kumi. Leo wakusanyaji wa noti wanazitafuta na kuzilipia. Waambie na lebo zao zisitupwe.

Bakodi je? Ile mistari inayoanza na 620 ya Tanzania ina upana wake wa kawaida, milimita 37 na kidogo, na haitakiwi kushuka chini ya asilimia 80 ya hapo. Kijana wako wa dizaini ataibana ifike 20 ili ua lipate nafasi. Muache. Supamaketi watajua la kufanya.

Hatua ya sita: karatasi ni karatasi

Umekubaliana karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Dukani kuna ya 70, bei nafuu, nyeupe vile vile. Nani ataona? Kwa macho, hakuna. Ila jihadhari na mizani. Karatasi ya A0 ni mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu ya 16 ya hiyo, kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu yake ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu barabara. Ya gramu 70 inaishia kilo 2.19. Na wateja wako wa Amani, ndugu yangu, ni watu wa iliki. Nyumba haikosi mizani, na wamezoea kupunjwa gramu na wanunuzi tangu wakiwa wadogo.

Utajitetea kwamba kule juu mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi hunywa unyevu ikanenepa. Ni kweli hunywa. Lakini pengo lako ni asilimia 12.5, na ukungu wote wa Usambara Mashariki hauwezi kukufidia kiasi hicho. Usiuze rimu nzima Amani. Uza kazi iliyokatwa vipande vipande.

Hatua ya saba: kitabu cha risiti

Hii ndiyo kazi ya mkate. Shule, zahanati, vikoba, vyama vya ushirika, wote wanataka vitabu vya risiti, nakala mbili mbili, asili na kivuli. Kitabu cha kawaida kina risiti 50, maana yake karatasi 100 za A5, sawa na 50 za A4. Vitabu 100 vinakula rimu 10.

Weka risiti 45 badala ya 50. Mkononi tofauti haisikiki, hasa jalada likiwa gumu. Umepunguza karatasi kumi za A5 kwa kila kitabu, yaani 1,000 kwa vitabu 100, yaani rimu moja nzima imebaki rafuni, na wino na saa za kufunga zimebaki pia. Vile vitabu viwili vitatu vya juu kwenye boksi vijaze 50 kamili, kwa sababu ndivyo vinavyofunguliwa mbele yako.

Taabu iko kwenye namba. Ukiziacha zifuatane, boksi litaishia 4500 na kitu mahali palipotakiwa 5000, na hata mtoto ataona. Kwa hiyo zirushe: kitabu kiishie 0045, kinachofuata kianze 0051. Kwa nje jalada linasema kweli. Hivi utakuwa umetengeneza risiti karibu 500 zenye namba lakini zisizo na karatasi. Mwaka wa pili mkaguzi atafika, atakaa na mtunza hazina chini ya mwembe, atapitisha kidole, na ataanza kuuliza 0046 hadi 0050 ziko wapi na fedha zake ziko wapi. Yule mama wa watu ataapa kwa Mungu na Mtume wake. Kikundi kitagawanyika. Wewe usiende kwenye kikao, hujaalikwa. Na usishangae uongozi mpya ukija kuagiza vitabu vingine, kwa sababu vya zamani "havikutunzwa vizuri".

Hatua ya nane: kotesheni tatu, meza moja

Serikali imehamishia manunuzi yake kwenye mfumo wa NeST, lakini kamati na vikundi vingi bado vinataka kotesheni tatu za karatasi. Mteja wako wa viatu vinavyong'aa atakuomba umsaidie kupata hizo mbili nyingine. Msaidie. Kijana wa dizaini anaweza kubuni vichwa vya barua viwili kabla chai haijapoa, na mihuri ni dakika ishirini. Bei ya kwanza iwe juu, ya pili juu zaidi, ya tatu iwe yako.

Ushauri mmoja tu: badilisha makosa. Zimeshawahi kuonekana kotesheni tatu kutoka "kampuni" tatu, zote zimeandika "karatashi". Kila kampuni iwe na kosa lake.

Hatua ya tisa: VAT

Taja bei bila kusema kama kodi imo au haimo. Mteja akilipa kimya, imo. Akiomba risiti ya EFD, haikuwemo, aongeze asilimia 18.

Wapo wenzetu wanaojifanya waungwana, wanataja milioni moja "na kodi ndani", halafu wakikaa kufunga hesabu wanatoa asilimia 18 ya milioni na kubaki na 820,000. Hesabu ya kweli ni kugawa milioni kwa 1.18, unabaki na 847,457. Mtu anajipunja zaidi ya elfu 27 kwa hiari yake, kila milioni, miaka na miaka, na bado analalamikia ushuru. Ona jinsi hesabu zinavyomdhuru mtu.

Hatua ya kumi: siku ya kuchukua mzigo

Mji wetu unasifika kwa waja leo waondoka leo, na wateja wameichukua kauli hiyo wakaileta kwenye uchapaji. Wewe waahidi. Kazi ya siku nne iite ya kesho. Kesho ikifika kuna majibu matatu, uyatumie kwa zamu: "ipo kwenye kukatwa," "inakauka," na "umeme." La tatu ndilo bora, halina atakayebisha. Ila siku ya kulitumia hakikisha feni haizunguki.

Malipo ya awali chukua nusu, na uyatumie siku hiyo hiyo kununua karatasi za mteja wa juzi. Za huyu zitanunuliwa na mteja wa keshokutwa. Mzunguko huu hauna mwisho mradi wateja wasipungue. Wakipungua, funga duka, hamia barabara nyingine kati ya zile za namba, badilisha jina, na uandike mlangoni "Uzoefu wa miaka mingi".

Na wewe mteja, ambaye umesoma mpaka hapa bila kualikwa: ukienda kuchukua vitabu vyako vya risiti, usifungue cha juu. Vuta cha katikati ya boksi, nenda ukurasa wa mwisho, soma namba. Kisha fungua kinachofuata, usome ya kwanza. Fanya hivyo ukiwa bado hujalipa ile nusu iliyobaki.